Kitanda Namba Kumi na Nne

Benchi letu liko ng'ambo ya geti la hospitali, limeegemea ukuta wa duka la majeneza, na birika langu liko mwisho wa benchi, upande wa kivuli. Kahawa yangu haina maneno: unakunywa, unalipa, tunaachana. Mtu akinizungusha namwambia aweke kikombe chini aende zake. Ndiyo maana siku ile, saa tisa na nusu alasiri, damu ilianza kunichemka hata sijamaliza kumimina. Kinyozi alikuwa amekaa katikati, simu mkononi, kila funda moja anatazama saa. Kulia kwake alikuwa Faili, aliyetunza mafaili ya hospitali ile miaka ishirini na sita mpaka kompyuta zikamtoa. Kushoto alikuwa Profesa, muuza vitabu vya mitumba, ambaye vyote amevisoma nusunusu.

FAILI: Mama yako hajatoka tu?

KINYOZI: Hajatoka. Jumatatu daktari alimwambia, mama umepona, nenda nyumbani. Akamwandikia na karatasi. Leo Alhamisi.

MIMI: Kapona, karatasi anayo. Anangoja nini?

KINYOZI: Mashine haijamruhusu. Pale dirisha la malipo wananiambia siku hizi karatasi haimtoi mtu, inayotoa ni kompyuta. Na wa kubonyeza ni daktari wake mwenyewe, kwa neno lake la siri.

MIMI: Si abonyeze.

KINYOZI: Hayupo. Yuko semina.

MIMI: Semina ya nini?

KINYOZI: Ya kutumia hiyo mashine.

Nililitua birika kwa nguvu mpaka mfuniko ukaruka. Profesa akauokota, akaupangusa, akanirudishia kwa mikono miwili. Ananijua.

KINYOZI: Na kila ikifika saa kumi jioni inahesabu siku nyingine. Operesheni nimeshalipa yote. Hizi ni siku za kulala tu. Juzi nimeuza kiti kimoja cha saluni, leo asubuhi cha pili. Mashine ikigonga saa kumi hii, kesho wateja nawanyoa wamesimama.

FAILI: Enzi zangu hayo hayakuwepo. Ukitaja jina, mimi vidole vitatu kwenye rafu, faili limetoka.

PROFESA: Faili la nani? Mimi nimepigwa picha ya kifua mara tatu kwa sababu wewe ulipoteza mbili. Na zote nimelipa.

FAILI: Nilipoteza moja. Ile nyingine ililiwa na panya.

PROFESA: Ndiyo hayo yaliyoleta kompyuta. Tuliambiwa hakuna faili litakalopotea, hakuna kipimo kitakachorudiwa, matibabu yatashuka bei.

KINYOZI: Yameshuka?

PROFESA: Soma risiti yako. Chini ya dawa kuna ada ya mfumo.

FAILI: Wala karatasi hazijapungua. Mkubwa wao haiamini mashine, kila kitu kinachapishwa nakala tatu. Karani mmoja anaandika daftarini, wa pili anayatoa daftarini anayaingiza kwenye kompyuta, wa tatu anakagua kama yanafanana. Kazi hiyo nilikuwa naifanya peke yangu.

PROFESA: Wewe na panya.

FAILI: Cheka. Wewe unaelewa nini kuhusu hospitali?

PROFESA: Naelewa kuliko wewe uliyekaa ndani. Wewe unahesabu makarani, mimi natazama viyoyozi. Chumba cha mashine kina viwili, kimoja kikipumzika cha pili kinapokea zamu. Wodi ya mama yake Kinyozi ina dirisha moja, na halifunguki. Kisa? Mashine ikipata joto inaharibika. Mgonjwa akipata joto anatoa jasho tu.

FAILI: Hilo kweli. Na ikiharibika inaletewa fundi kwa ndege.

PROFESA: Umeona? Ile si mashine, ile ni mgonjwa. Ndiye mahututi kuliko wote mle ndani, na hana ndugu wa kumlipia, basi gharama zake wanagawiwa waliolazwa. Nimepiga hesabu. Kuiendesha siku moja kunataka vitanda arobaini vyenye watu. Sasa wewe ungekuwa mkubwa wa hospitali, mtu akikwambia amepona, ungefurahi?

FAILI: Nasikia mwakani inaletewa mwenzake, isikae peke yake.

PROFESA: Wakizaana tumekwisha.

MIMI: Hebu nyamazeni. Mtu mzima anauza viti vyake, nyie mnaozesha kompyuta.

Kinyozi alitazama simu tena. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Alipoinua macho kutoka kwenye simu, alimwona mama yake anavuka barabara, mtandio kichwani, mfuko wenye kikombe na ndala mkononi.

KINYOZI: Mama. Umetokaje?

MAMA: Kwa miguu, mwanangu. Nilimtajia mlinzi jina langu, nikamwambia naondoka. Akatafuta kwenye kioo cha kompyuta yake. Akaniambia, mama, mwenye jina hilo yuko wodini, kitanda namba kumi na nne. Kama umemaliza kumtazama, kwaheri. Akanifungulia geti.

FAILI: Na kweli ulikuwa kitandani?

MAMA: Tangu juzi sijakigusa. Wamemlaza binti aliyevunjika mguu. Mimi nalala kwenye kiti, barazani.

FAILI: Binti naye analipia?

MAMA: Risiti anayo. Kumi na nne, kama yangu.

Tukasogea, mama akakaa, nikammiminia kikombe na sikumdai. Hata hakijafika midomoni, simu ya mwanawe ikalia. Saa kumi kamili. Kinyozi akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

KINYOZI: "Ndugu mteja. Mgonjwa wako wa kitanda namba kumi na nne ameanza siku ya kumi na moja. Gharama ya ujumbe huu imeingizwa kwenye ankara yake. Tunamtakia nafuu ya haraka."

Mama akatua kikombe. Akatutazama mmoja mmoja, na huruma usoni.

MAMA: Maskini. Mimi nimeshapona. Nani tena anaumwa?

Profesa akaninyooshea kikombe chake. Nililiinamisha birika, kahawa ilikuwa imekwisha.