Watu Tisa Waliomfuata Rabi Gerezani

Tarehe 30 Juni 1983, Rabi Nachum Zilberfarb anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kulitumikia sinagogi letu hapa Tarlow, Georgia. Amefungisha ndoa za watoto wetu, amewazika wazazi wetu, na kuimba anaimba vibaya mpaka leo. Nimekuwa katibu wake muda wote huo, kwa hiyo msinibishie.

Wageni humuuliza kuhusu Juni 1964, naye hucheka tu. Basi acha niseme mimi. Ijumaa moja aliketi na rafiki yake mweusi, Mchungaji Odell Prewitt, kwenye mgahawa wa wazungu watupu. Wakakamatwa wote wawili. Mwenyekiti wetu, Sol Hirschman, alifura kwa hasira. Aliogopa duka lake la vitambaa litachomwa moto na wabaguzi. Akaniamuru nipige chapa barua ya kumfukuza Rabi, ipigiwe kura Jumapili. Niliipiga huku nalia.

Lakini Sol alikuwa amefiwa na mama yake mwezi ule. Kwetu sala ya wafiwa haisaliwi bila wanaume kumi, na asubuhi ya Sabato walifika tisa. Wengine walijifungia ndani kwa woga. Wakangoja, wakachungulia barabarani, wapi! Wa kumi alikuwa rumande.

"Basi twendeni huko huko," Sol akanguruma. "Mama hatakosa sala yake kwa sababu ya mbishi yule!"

Sabato hatupandi gari. Wakakata katikati ya mji kwa miguu, na shali zao za sala mabegani, wale wale waliosema maandamano ya kudai haki za weusi si kazi yetu. Watu wakatoka madukani kuwazomea. Yai likampata Sol shingoni. Akajifuta, akaendelea kutembea.

Walipofika gerezani Rabi akatoa uso dirishani, wakawa kumi, sala ikaanza. Kutoka chumba walichofungiwa weusi, Mchungaji Prewitt akaitikia kila "Amina" kwa sauti nzito. Sol alilia kama mtoto.

Jumapili alisimama mbele ya kikao. "Jana nimezomewa mara moja tu, nikatamani kurudi nyumbani," alisema. "Huyu anazomewa kila wiki kwa ajili ya wenzake. Anayetaka Rabi aondoke, aanze kunifukuza mimi." Hakuna aliyenyoosha mkono.

Rabi wetu, asante kwa kutukera mpaka tukawa watu. Tunakupenda, na tulichelewa mno kukuambia. Wewe na mkeo, Bi. Miriam, mfurahie ustaafu wenu kwa amani na afya, muishi mpaka miaka mia na ishirini, kama tunavyoombeana sisi Wayahudi.

Frieda Kantor, Katibu