Macho ya Marehemu Yaqoub bin Aboud Yalikuwa Mazima

Marehemu Mzee Yaqoub bin Aboud alizaliwa Mkunazini, Unguja, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Bwana Aboud bin Mohannad, fundi saa, na mkewe Bibi Arwa. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, Asila, na unasomwa hapa hitimani, Dubai, na mpwa wa marehemu, Yasir. Palipo na maneno makali, lawama ni za mwandishi. Msomaji kapewa karatasi tu.

Alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa, akasoma shule hapo hapo mjini hadi mwaka 1967. Mwaka uliofuata alimfuata mjomba wake Dubai, akaajiriwa katika duka la kubadilisha fedha Bur Dubai. Shule yake hasa ikawa pale. Kila asubuhi alimwagiwa mezani reale za fedha za Maria Theresa, zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zile zilizotoka kiwandani juzi. Alijifunza kuzitenganisha kwa kutazama lulu za kwenye bruchi ya malkia na mkia wa tai upande wa pili. Alikuwa haoni mbali, kwa hiyo alivua miwani, akaisogeza sarafu hadi karibu na pua, na hapo hakuna alama iliyomponyoka.

Tarehe 18 Agosti 1978 alimwoa Bi Khairiya binti Twaibu. Ndoa yenyewe nusura ivunjike siku ya posa. Bibi yake Khairiya alimwonyesha mkufu wa reale, akamtaka aseme kama aliwahi kuona fedha inayong'aa vile. Yaqoub akavua miwani, akatazama, akasema, "Imesuguliwa hii, Bibi."

"Huyu kaja kuposa au kaja kukagua?" bibi akauliza. Wanaume wakatazama chini. Kisha bibi akacheka. "Kweli, naisugua kila Idi kwa majivu na ndimu. Mpeni mke. Huyu hatokuja kumdanganya mtoto wetu."

Miaka ile sarafu ya kale ilikuwa nzuri kwa sababu muuzaji kasema ni nzuri, basi. Mnunuzi akifika kwake akigundua imekwaruzwa, shauri yake. Jambo hilo lilimkera Yaqoub. Mwaka 1983 akaanza kutoa vyeti: picha ya sarafu pande zote mbili, uzito, hali yake, muhuri na saini. Hatusemi alikuwa wa kwanza duniani, maana Marekani walikuwa wameshaanza. Tunasema hakuwa na wa kumwiga hapa. Alipogundua kwamba wajanja wanachukua cheti cha sarafu nzuri na kukitumia kuuza mbovu, alisema dawa ni kuifungia sarafu yenyewe ndani ya kibweta cha plastiki kisichofunguka bila kuvunjwa.

Wazo hilo alimpelekea Bwana Mundhir, aliyekuwa na mtaji. Mwaka 1990 kampuni ikafunguliwa ghalani Ras Al Khor. Yaqoub aliweka utaratibu: wakaguzi watatu, kila mmoja anaandika daraja kwenye kikaratasi chake bila kuona cha mwenzake, kwa namba kuanzia moja hadi sabini. Kwa miaka kumi na minne kampuni iliaminiwa kwa utaratibu huo. Katika vitabu vyake vya matangazo, jina la Yaqoub halimo hata ukurasa mmoja.

Oktoba 2004 mteja mkubwa alileta reale arubaini. Yaqoub aliona mistari myembamba ya brashi kwenye kila moja, akaandika "imesuguliwa" mara arubaini. Bwana Mundhir akashuka ghalani mwenyewe. Aliyoyasema tunayo kutoka kwa Bwana Wahid wa Mombasa, mkaguzi mwenzake, ambaye yuko hapa.

"Yalla, Yaqoub, andika sitini na tano, khalas. Mteja anangoja."

"Sitini na tano ni ya sarafu isiyoguswa, sir. Hizi zimepigwa brashi."

"Nani atajua?"

"Mimi nishajua."

Tarehe 9 Novemba, siku nne kabla ya Idi, akapewa barua ya kuachishwa kazi. Sababu: macho yake yameharibika, na ushahidi ni kwamba huvua miwani anapokagua! Nakala zikapelekwa kwa wauza sarafu wote. Yaqoub alipimwa macho, akapewa cheti cha daktari kwamba ya karibu anayaona barabara. Alikitembeza cheti kile dukani kwa dukani. Hakuna aliyekisoma. Mtu aliyewafundisha watu kuamini vyeti, chake kikakataliwa! Alikaa nyumbani Al Mankhool miaka ishirini, na inatuchoma hadi leo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Mwezi uliopita, hospitalini, muuguzi wake Fridah alihangaika na maandishi madogo kwenye kichupa cha dawa. "Babu, hii date inasemaje? Mimi sioni kitu." Mzee akavua miwani, akamsomea tarehe, mwezi, mwaka na namba ya toleo. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, kabla ya adhuhuri, akazikwa Al Qusais siku hiyo hiyo.

Ameacha mjane, Bi Khairiya. Watoto wawili, Asila na Yaarub. Na wajukuu watano.

Pale makaburini imamu aliuliza mara tatu, "Mnamshuhudiaje marehemu?" Watu wakaitikia, "Mtu mwema." Sauti iliyowatangulia wote, mara zote tatu, ilikuwa ya Bwana Mundhir. Naye yuko nasi, ameketi karibu na mlango. Hatumfukuzi, msiba hauna mlango. Lakini alilolisema makaburini limesikiwa na watu sitini, na alilolitia saini bado limo kwenye mafaili ya kila duka la sarafu mji huu. Bi Khairiya anaomba sentensi moja tu, kwa mwandiko wa Bwana Mundhir mwenyewe: kwamba macho ya Yaqoub yalikuwa mazima, na zile arubaini zilikuwa zimesuguliwa. Karatasi iko mezani, na kalamu iko juu yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Yaqoub, ampe utulivu alionyimwa hapa. Bwana Mundhir, tunakusubiri.