Krauni na Mwenzake

LONNIE: Haloo! Nani mwenzangu? Paza sauti, huku injini zinanguruma!

ROYCE: Mambo, Lonnie.

LONNIE: Poa. Nani?

ROYCE: Royce Tackett.

LONNIE: Royce. Aisee... Namba yangu umeitoa wapi?

ROYCE: Umeipaka kwenye mlango wa gereji yako, herufi kubwa kama bango la mkutano wa injili. Wazima huko?

LONNIE: Wazima. Na kaka yako, Dale, anaendeleaje?

ROYCE: Anaburuza mguu. Ungekuwa unauliza, ungejua.

LONNIE: Sikia bwana, nipo kwenye foleni ya mbio. Magari matatu mbele, halafu zamu yangu. Nitakupigia baa—

ROYCE: Unashindana na yule jamaa wa Georgia. Gari kwa gari. Hati za magari yote mawili anazo mwamuzi, sivyo?

LONNIE: Maneno yana mbio kuliko magari. Ndiyo. Leo naondoka na magari mawili.

ROYCE: Umeweka dau gari la marehemu baba yako, ile Chevelle. Una roho ngumu.

LONNIE: Nina difu ngumu, mwanangu! Nimeifunga juzi tu, hapo kati ya matairi ya nyuma. Inavuta matairi yote mawili kama nyumbu wa kulima.

ROYCE: Boliti kumi na mbili, mfuniko mwekundu. Umenunua kwa mzee Hubert, kwenye mnada wa vipuri, Knoxville.

LONNIE: ...We umejuaje?

ROYCE: Hubert hata oili hajui kubadilisha. Unadhani nani aliyeijenga ile difu?

LONNIE: [mtandao unakwaruza] Acha fiksi, Royce.

ROYCE: Uliipimaje?

LONNIE: Kama fundi! Nikainua mkia wa gari, nikazungusha tairi moja kwa mkono, la pili likafuata upande uleule. Ingekuwa difu ya kawaida lingekwenda kinyume. Nikahesabu mizunguko ya shafti inayoingia kwenye difu kwa mzunguko mmoja wa tairi. Nne na chembe. Gia ndiyo yenyewe.

ROYCE: Mfuniko ulifungua?

LONNIE: Wa nini? Gasketi mpya, haivuji hata tone—

ROYCE: Kwa hiyo hukusoma namba.

LONNIE: Namba gani?

ROYCE: Usijitoe ufahamu. Krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu, zinasagwa pamoja kiwandani, mke na mume, zinachongwa namba ileile. Ukimpa mke mume wa mwenzie—

LONNIE: Najua!

ROYCE: Najua kwamba unajua. Ndiyo maana nimekupigia wewe.

LONNIE: Humo ndani umeweka nini?

ROYCE: Mbio njema, Lonnie.

LONNIE: Ngoja! Usikate! Royce, usinizingue. Humo ndani kuna nini?

ROYCE: Siku Dale alipopinduka niliokota ile difu uliyomuuzia, vipande vipande kwenye majani. Kasha linaloshika krauni halikuwa lake, lilikuwa la gia nyingine. Krauni ikakaa mbali na pinioni, kuna mtu akapachika washa, kipande cha bati, ili isogee. Meno yakawa yanashikana kwa ncha.

LONNIE: Hayo tuliyamaliza. Polisi walikuja—

ROYCE: Ukawaambia nini? Ukamwambia nini mchungaji, mbele ya kanisa zima?

LONNIE: Sikumbuki.

ROYCE: Mimi nakukumbusha. Ulisema, "Difu mbovu inapiga kelele tu. Haipindui gari. Kinachopindua gari ni pombe." Dale, ambaye hata bia hanywi! Mama amekufa anamwombea mwanawe aache ulevi.

LONNIE: Royce, ndugu yangu, yamebaki magari mawili mbele—

ROYCE: Sasa unaogopa nini? Si inapiga kelele tu?

LONNIE: Nikiwa kwenye kasi, difu ikikaba matairi ya nyuma—

ROYCE: Ikikaba nini kinatokea? Hebu nifundishe, fundi.

LONNIE: Royce, usinifanyie hivi.

ROYCE: Nani anaendesha? Wewe au msaidizi wako Jarrell?

LONNIE: Mimi mwenyewe.

ROYCE: Safi. Sikutaka mtu mwingine.

LONNIE: We ni shetani! Nitakushitaki!

ROYCE: Kwa kosa gani? Kwa difu inayopiga kelele?

LONNIE: Limebaki gari moja. Royce, nakuomba. Neno moja tu. Namba zinalingana au hazilingani?

ROYCE: Fungua mfuniko usome.

LONNIE: Hakuna muda! Nisipofika mstarini gari limekwenda. Gari la baba!

ROYCE: Basi endesha.

JARRELL [kwa mbali]: Lonnie! Wanatuita! Ingia garini, kaka!

LONNIE: Jarrell... zima.

JARRELL [kwa mbali]: Nizime nini?

LONNIE: Zima injini! Toa gari kwenye foleni! Ile difu itakaba, itanipindua, itaniua!

JARRELL [kwa mbali]: Itakupindua? Kwani difu inapindua gari? Si wewe mwenyewe ulisema kuhusu ajali ya Dale—

LONNIE: Nyamaza! Sukuma gari!

ROYCE: Mbona kumekuwa kimya hivyo huko? Wamesikia wangapi?

LONNIE: [sauti ya chini] Wote. Wote wananitazama.

ROYCE: Na yule wa Georgia?

LONNIE: Ameondoka peke yake. Amefika mwisho. Wanampigia honi... Umeridhika? Sasa sema. Ulichanganya gia gani?

ROYCE: Sikuchanganya. Kasha lake, krauni yake, pinioni yake. Namba zinalingana. Nimeijenga kwa subira, nikipaka meno wino kuona yanaposhikana, kila jino linashika katikati. Ungeendesha ungeshinda, Lonnie.

LONNIE: Mwongo!

ROYCE: Mwombe yule wa Georgia, mwenye gari sasa, akufungulie mfuniko, uone.

LONNIE: Jarrell! Rudisha! Rudisha gari mst— Royce, mshenzi we! Nitakuja huko! Nitakuja na—

ROYCE: Utakuja na nini? Kwa miguu?

LONNIE: [mtandao unakatika] ...kukuvunja... wewe na huyo kilema—

[Upande wa Royce mtu anakohoa.]

LONNIE: Nani huyo? Royce? Nani yuko hapo nawe?

ROYCE: Unamjua. Amesikia kuanzia haloo.

LONNIE: Dale? Dale, sikiliza, ile siku mimi—

ROYCE: Hataki simu. Amegeuza kiti, anataka kula. Maharage yanapoa na mkate wa mahindi umeshakatwa. Haya, salimia watu wa Georgia.