Fundi Baridi na Mstari wa Jaji

Ndugu wafiwa, majirani, wanachama wenzetu mlioketi upande huu na ninyi mlioketi upande ule, familia imeniteua mimi, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, niwasomee historia ya maisha yake, na najua wapo miongoni mwenu walioguna niliposhika kipaza sauti, wana haki ya kuguna, ila mjane ndiye aliyenikabidhi karatasi hizi niandike, akaniambia, "Utasoma wewe, na usiruke kitu," kwa hiyo sitaruka.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Baridi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mshona mito ya viti, nami nikamfuata miaka minne baadaye, tukalala kitanda kimoja mpaka alipoanza kazi, yeye upande wa ukutani, kwa sababu mimi niliogopa mijusi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akaendelea na sekondari hadi 1980, ambako alifaulu hesabu na fizikia na kuondolewa kwenye kwaya kwa ombi la kwaya yenyewe, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kusomea mitambo ya baridi, akahitimu Novemba 1982.

Mwezi Januari 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha barafu, akapanda kutoka msaidizi hadi msimamizi wa zamu, hadi tarehe 30 Juni 1998, siku ambayo wafanyakazi mia moja na arobaini walikuta geti limefungwa na tangazo limebandikwa, wakaenda mahakamani, na marehemu akawa miongoni mwa waliotoa ushahidi. Kesi ile walishindwa. Lakini siku aliyotoa ushahidi alirudi nyumbani amenyooka mgongo, akamwambia mama, "Yule jaji amenisikiliza asubuhi hadi mchana, hakunikatiza hata mara moja," na maneno hayo sisi wengine tuliyasahau, yeye hakuyasahau.

Mwaka 1999 alifungua karakana yake ya kutengeneza friji, ile yenye mlango wa kijani jirani na duka la dawa, akaiendesha kwa miaka ishirini na nne, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikwenda zahanati yetu kukagua friji ya chanjo bila kuitwa, akifuta vumbi nyuma yake na kusikiliza mlio wa mashine ameinamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa umbea.

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989 na karani wa posta, baada ya kununua stempu kila siku kwa wiki sita, ilhali hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwandikia, na shemeji amenituma niseme kwamba stempu zile bado anazo. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni muuguzi, kijana wa pili ambaye ni mpima ardhi, na kitinda mimba ambaye yuko mwaka wa mwisho chuoni.

Alijiunga na chama mwaka 1984, nami akanichukulia kadi miaka miwili baadaye, na kwa zaidi ya miaka thelathini tuliingia mikutano ya tawi pamoja na kutoka pamoja, tukibishana njia nzima, tukifika kwake tunakunywa chai.

Sasa nafika mahali ambapo ningetamani karatasi ingekuwa tupu. Mwaka huu, kama mnavyojua, chama kilitafuta mgombea wake wa urais, wakabaki wawili, Waziri na Jaji, jaji yule yule wa kesi ya barafu, akiwa amestaafu, na kila tawi likatakiwa kupiga kura ya maoni, na letu likaamua wanachama wapange mstari nyuma ya picha ya wanayemtaka. Mimi nilikuwa mratibu wa kampeni ya Waziri hapa tawini, nilikwisha dokezwa kwamba uongozi wa ngazi ya kata unanisubiri, na kwenye orodha niliyopeleka juu niliandika kwamba familia yangu yote ni ya Waziri, bila kumuuliza mtu. Marehemu hakuwahi kuniambia atasimama wapi. Sikumuuliza kwa sababu nilijiona ninajua.

Jumamosi tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa shule ya msingi, marehemu aliingia na ovaroli yake ya kazi, akanipa mkono, akaniuliza habari za mgongo wangu, kisha akavuka ukumbi na kusimama nyuma ya picha ya Jaji. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mratibu, karatibu kwanza nyumbani kwako!" watu wakaangua kicheko, na Katibu wa tawi akanitazama kwa macho ambayo mpaka leo nayaona. Tulipata kura mia moja na kumi na nane, wao sabini na nne. Tulishinda, lakini mimi niliiona kura moja tu.

Jioni ile, kwenye kundi la simu la tawi, niliandika hivi, na mjane amesema nisome kama nilivyoandika, "Kuanzia leo mimi ndiye mtoto wa kwanza." Watu thelathini na mmoja waliniwekea dole gumba. Marehemu naye alikuwemo kwenye kundi. Aliusoma ujumbe, lakini hakujitoa.

Kuanzia hapo mnajua wenyewe tulivyoishi. Watu wa Waziri waliacha kupeleka friji zao kwa marehemu, mlango wa kijani ukaandikwa MSALITI kwa rangi ya mafuta isiyotoka kwa maji, na watu wa Jaji nao hawakuwa malaika, walilihama duka la dawa kwa sababu mwenyewe ni wa Waziri, wakawaondoa watoto kwa mwalimu wa hesabu kwa sababu hiyo hiyo, kina mama waliokuwa wakiazimana masufuria wakawa wanapishana barabarani kama watu wasiojuana. Marehemu alizoea kusema kwamba friji haiulizi kadi ya chama, akaendelea kusema hivyo mpaka wa kumsikiliza wakaisha.

Mwezi Mei zahanati ilimkataza kuigusa friji ya chanjo, ukitajwa usalama, na ilipozimika wiki tatu baadaye aliitwa fundi wa mbali aliyefika siku ya nne, chanjo zote zikatupwa, na akina mama wenye watoto wachanga wakarudishwa mlangoni, wa Jaji na wa Waziri. Siku ile nilimwona kaka kwa mbali amekaa nje ya karakana, mikono mitupu mapajani. Nilibadilisha njia.

Tarehe 8 Julai friji ya kwangu iliharibika, ndani mna sindano za kisukari za mama mkwe, na mke wangu, bila kunishirikisha, alimpigia marehemu, naye akaja. Nilirudi mapema nikamkuta amepiga magoti nyuma ya friji, kompresa mpya tayari imekaa, bado mrija mmoja wa kulehemu.

Nikamwambia, "Umetumwa na Jaji?"

Akasema bila kugeuka, "Nimeitwa na shemeji. Dawa za bibi zinaharibika."

Nikamwambia atoke. Akasema, "Nimalizie mrija huu mmoja tu, dakika tano, halafu unifukuze vizuri," na nadhani alikuwa anatabasamu, maana ndivyo alivyonitania tangu utoto, lakini mimi nilishika sanduku lake la vifaa nikaliweka barazani. Alisimama, akajifuta magoti, akamwambia mke wangu, "Shemeji, sindano ziweke kwenye barafu leo hii, usingoje kesho," akaondoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kinywani mwa kaka yangu, na hakuniambia mimi.

Tarehe 20 Agosti, saa tatu asubuhi, mwenye duka la dawa, mtu wa Waziri kindakindaki, alisikia kishindo, akaingia karakana akamkuta marehemu sakafuni, akampakia kwenye gari lake mwenyewe hadi hospitali ya rufaa, ambako ilibainika ni kiharusi, upande wa kulia ukiwa umepooza na usemi umepotea. Tarehe 3 Septemba, kwenye runinga ya wodini, Waziri na Jaji walionekana jukwaani wameshikana mikono, mmoja mgombea, mwingine mgombea mwenza, wakicheka kama maharusi, na binti yake ameniambia kwamba baba yake alitikisika mabega mpaka machozi yakamtoka, na wodi nzima hakuna aliyejua ni kicheko au ni kilio.

Siku ile Katibu alituandikia, "Sasa sote ni kitu kimoja," na hakuna hata mmoja aliyekwenda kufuta ule mlango. Mimi hasira ziliniisha palepale. Kilichobaki ni aibu, na aibu ikanifungia ndani kuliko hasira, nikawa ninapanga kwenda Jumapili, kila Jumapili, kwa wiki nane. Nilikwenda Alhamisi tarehe 2 Novemba baada ya binti kunipigia, nikafika saa nne na robo, wakati muuguzi anatoa shuka kitandani. Kaka yangu alikuwa amefariki saa nne kasoro kumi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, mafundi wenzake waliochukua zamu kumgeuza kitandani, majirani, na kwa namna ya pekee mwenye duka la dawa. Tumepokea pia barua moja ya rambirambi kutoka kwa waheshimiwa wagombea, yenye sahihi zao wote wawili, ambamo jina la marehemu limekosewa.

Asubuhi nilimwomba Katibu tuchanganye watakaobeba jeneza, watatu wa huku na watatu wa kule, nikajibiwa kwamba watu wamekwisha pangwa, nisilete siasa msibani. Natazama viti vyenu kutoka hapa niliposimama, na katikati naona njia pana ambayo hakuna aliyeelekezwa kuiacha.

Karatasi imekwisha, shemeji, sikuruka kitu.

Pumzika, kaka, kwa amani ambayo mdogo wako hakukupa.