Wistin Rapa na Kifuniko Kisicho na Kisima

Fundi Wistin Rapa ameitumikia Idara ya Maji ya Wied Qoton kwa miaka thelathini na minane na nusu. Aliingia Aprili 1987 akiwa na nywele, na anatoka leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, akiwa na kofia. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi watano na hajapandishwa cheo hata mara moja. Alianza Fundi Daraja la Pili, anaondoka Fundi Daraja la Pili. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mimi ninayeandika haya ni Tarsisia Cefai wa dawati la malalamiko. Nilipewa kazi hii ya kuandika wasifu wa kumuaga kwa sababu hakuna aliyepokea malalamiko mengi kuhusu mstaafu wetu kuliko mimi, na mengi ninayakumbuka neno kwa neno.

Tuseme ukweli kwanza: Wistin ni bahili. Ukimtembelea utakula sungura mpaka ulegeze mshipi, na divai hakumiminii kwa kijiko. Ubahili wake ni wa maji. Mwaka wake wa kwanza kazini alipita nyumba hadi nyumba akitumbukiza jiwe katika tangi la kila choo, ili kila mtu akivuta, maji yanayotoka yapungue kwa ukubwa wa jiwe. Wazo zuri sana, ila fundi alisahau kwamba mawe ya kisiwa hiki ni laini, yanamumunyuka kama biskuti kwenye chai. Kufikia Pasaka vyoo vya mtaa mzima wa kanisa vilikuwa vimeziba kwa tope la chokaa. Marehemu Bi Filumena alinipigia simu saa moja asubuhi: "We binti, mwambie huyo Rapa aje atoe mlima wake chooni kwangu!" Alikwenda, akautoa, akaweka chupa ya mchanga mahali pake, na kabla ya kuondoka akamhutubia mama wa watu nusu saa kuhusu koki inayovuja.

Halafu kuna habari ya nyumba ya paroko. Wistin alifunga bomba litakalochukua maji ya mashine ya kufulia na kuyapeleka kwenye tangi la choo. Siku ya sikukuu ya parokia, mtumishi wa nyumba alifua vitambaa vyote vya altare kwa sabuni ya kutosha kufulia jeshi, na siku hiyohiyo Askofu alialikwa chakula cha mchana. Mgeni akaenda msalani, akavuta. Simu ya paroko niliipokea mimi: "Dada Tarsisia, povu limetoka mlangoni na sasa linapanda ngazi." Wistin aliitwa akiwa amevaa suti ya bendi, tarumbeta mkononi. Aliangalia, akakuna kidevu, akasema hakuna hasara yoyote kwa sababu povu si maji. Mfumo ule bado unafanya kazi, na paroko anatumia maji nusu ya zamani. Askofu naye, tangu mwaka ule, hujisaidia kabla ya safari.

Nyumbani kwake mambo ni mazito zaidi. Maji ya kuoshea mboga hupiga deki, kisha huenda kwenye milimau. Bafuni kuna ndoo ya kukinga maji baridi yanayotangulia ya moto, na ole wake atakayeyaacha yapotee. Mkewe, Marjanna, aliniambia hivi mbele ya duka la mikate, tena kwa sauti: "Nimeolewa naye miaka thelathini na tano, nimemzalia watoto watatu, na sijawahi kuoga nikalowa mgongo na tumbo siku moja." Watu walicheka mpaka mwokaji akatoka nje kuuliza kuna nini.

Basi, tumecheka. Sasa nisikilizeni.

Kila Septemba, kabla ya mvua, Wistin amekuwa akipanda mapaa ya kijiji hiki kama paka. Husugua vinyesi vya njiwa, hupaka chokaa, huziba kwa tambara mchirizi uendao kisimani, na kumwambia mwenye nyumba: mvua ya kwanza iache ioshe paa, ya pili ndiyo ya kisima. Akikuta kisima cha babu yenu kimejaa takataka, hukushikisha ndoo mpaka kisafike, kisha hutia humo mkunga mmoja hai, yule samaki kama nyoka, ale viluwiluwi vya mbu. Mlimtukana. Najua, nilikuwa nikiandika. Lakini kiangazi kile bomba kubwa linaloleta maji kutoka mtambo wa pwani wa kuondoa chumvi ya bahari lilipopasuka, mkakaa siku tisa koki zikitoa pumzi tu, mlikunywa wapi? Mlikunywa kwenye visima vyake. Nawaambia hivyo kwa sababu walionipigia kumlaani ndio niliowaona kwenye foleni na madumu.

Ni yeye peke yake hapa kwetu mwenye leseni ya kukagua visima vya mvua. Sheria inataka kila jengo jipya liwe na kisima chake, na sisi ni watu werevu: tuligundua mapema kwamba anayepita barabarani huona kifuniko tu. Basi tukajenga vifuniko. Vya chuma, vya mawe, vingine na maua juu. Wistin hufika, hupiga magoti, hugonga kwa mpini wa nyundo na kutega sikio. Kisima, kiwe kimejaa au kitupu, huitika. Zege ni kiziwi. Kwa masikio hayo amewaharibia watu wengi starehe zao.

Mwaka 2006 alikikagua cha jengo letu hili. Kiko hapa uani, kifuniko cha kijani chenye nembo ya Idara. Akagonga mara tatu, akasimama, akapangusa magoti, akaandika kwenye fomu: "Kifuniko kipo na kimepakwa rangi vizuri. Kisima hakipo." Pale panapotakiwa kuwa na kisima, chini ya zege nene, pana gereji ya chini ya ardhi, na ndani ya gereji ni gari la Mkurugenzi wetu, Bwana Ludovik Portelli. Mvua ikinyesha, maji ya paa letu hushuka barabarani na kuingia kwa mwokaji. Jua likiwaka, Idara ya Maji huagiza bauza la maji. Haki ya Mungu, kama ningesimuliwa habari hii kuhusu kijiji kingine ningesema wanakisingizia.

Na muhuri uliopitisha jengo hili bila fomu ya Wistin ulikuwa mkononi mwangu. Niliambiwa piga, nikapiga. Hakunisema kwa mtu. Alikuja dawatini siku ya pili, akaniambia taratibu, "Tarsisia, muhuri wako una majimaji kuliko kile kisima," akaenda zake kuziba koki ya jikoni. Tangu hapo kila barua ya kumpandisha cheo imekuwa ikipotea njiani kati ya meza mbili zilizo katika chumba kimoja.

Mwaka huu Idara imeomba Tuzo ya Jengo Linalotunza Maji. Waamuzi watatu wako hapa leo, safu ya mbele, karibuni sana. Wanachohitaji ni cheti cha kisima chenye saini ya fundi mwenye leseni, na leseni hiyo inakoma leo jioni. Ndiyo maana mtaona kwenye ratiba, jambo la sita: "Fundi Rapa atasaini kwa mara ya mwisho." Atasaini jukwaani, mbele ya paroko, bendi, mkewe na wajukuu, na hapohapo atakabidhiwa barua ya kuwa Fundi Mkuu. Imepangwa hivyo ili asiweze kukataa. Bwana Portelli si mjinga.

Jumatano nilimwuliza Wistin atafanya nini. Alikuwa akipanga spana zake kwenye sanduku la mbao, hakuniangalia. "Nitasaini. Marjanna ameshona gauni, amewaita dada zake wote wanne. Siwezi kumtia aibu mbele za watu siku yake moja. Nimechoka, Tarsisia."

Niliumia. Mtu niliyemcheka miaka yote hii, niliyemwita Bwana Tone nyuma ya mgongo wake, nilimwona anataka kuliacha jina lake jema mezani kwetu aende zake bila hilo. Nilikwenda msalani nikalia. Nikavuta maji mara mbili, asije akanisikia. Akagonga mlango: "Tarsisia! Mara moja inatosha!"

Nikacheka huku nalia. Nilipotoka nikaenda moja kwa moja kwa Marjanna nikamweleza yote, gereji, fomu, barua. Alikuwa anapiga pasi lile gauni. Alizima pasi. "Kwa hiyo mume wangu atanunua cheo kwa uongo, eti kwa ajili yangu?" akasema. "Yaani nimeoga kwa kikombe miaka thelathini na tano ili aje kusaini kisima hewa? Huyo hanijui."

Sasa, Mkurugenzi alinielekeza niweke katika wasifu huu sentensi moja kuhusu kisima cha jengo. "Andika tu kuwa alikikagua, dada. Kukagua si kusema kipo." Niliiandika, akaisoma, akaipitisha, akanisifu. Kurasa zile zimo kwenye droo yangu. Hizi mlizoshika nimezichapa mwenyewe asubuhi ya leo, na nimezipiga muhuri uleule. Bado miaka mitatu nami nistaafu, au labda siku tatu; nitaarifiwa.

Wistin, najua unasoma polepole, kwa hiyo nakusubiri. Huna haja ya kusimama likifika jambo la sita. Marjanna anajua, na dada zake pia wanajua, kwa maana niliwaambia kanisani na unaifahamu midomo yao. Hakuna wa kumtia aibu hapa isipokuwa sisi tulionyamaza. Ulistahili kuitwa Fundi Mkuu miaka kumi na tisa iliyopita, na nasikitika kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa waliokunyima.

Asante kwa mapaa, kwa visima, kwa mikunga, hata kwa yale mawe. Nenda kapumzike. Mungu akupe afya, mvua za wakati wake na milimau isiyokauka, na akupe siku moja tu ya kuoga maji mengi bila kuhesabu, ujue wenzako huwa tunasikiaje. Maisha mema, fundi, nawe Marjanna.

Waamuzi waheshimiwa, kifuniko kiko chini ya meza ya keki. Nyundo nimeiweka kando yake.