Rysbek Toktogonov na Zile Sababu Zinazojulikana

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani wa Jar-Bulak, nanyi watumishi wa idara ya maji mliosafiri kutoka mjini, kwa niaba ya familia nasimama mimi Sultan, mtoto wa kwanza wa nyumba hii na daktari wa mifugo wa wilaya, kuwasomea maisha ya mdogo wangu Rysbek. Asubuhi hii idara ilinikabidhi historia iliyokwisha kuchapwa, kurasa mbili zenye mhuri, nikaambiwa nisome hiyo ili nisijisumbue na msiba huu, basi nimeisoma peke yangu nyuma ya zizi, nimeikunja, na ninayoisoma sasa nimeiandika mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 hapa hapa Jar-Bulak, mkoa wa Naryn, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa hayati Mzee Toktogon, aliyekuwa mgawa maji wa mfereji wetu, na Mama Batma, ambaye tunaye mlangoni pale, ana miaka sabini na nane na anasikia kila neno. Alianza shule ya kijiji tarehe 1 Septemba 1990, akamaliza mwaka 2001, mwaka huo huo akaingia chuo kikuu Bishkek kusomea uchumi, akahitimu Juni 2006, na Agosti mwaka huo akaajiriwa na idara ya maji, ambako alipewa kazi ya kupanga zamu za mifereji ya wilaya tano. Wakubwa wake walikuwa wanapanga kwa ramani, yeye alikuwa anapanda basi, anavua viatu, anaingia majini kupima, na ofisini wakambandika jina la Chura, naye akacheka.

Tarehe 12 Septemba 2009 alifunga ndoa na Gulzada, mwalimu wa hesabu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Aidai aliyezaliwa mwaka 2010, na Bektur aliyezaliwa mwaka 2013.

Mwaka 2014 marehemu aliamua kuomba shahada ya uzamili ya sera za umma, kwa kuwa, kama alivyotuambia, alikuwa amechoka kuona maji yanagawanywa na watu ambao hawajawahi kulowa, na mfuko wa ufadhili aliouomba ulimtaka kila mwombaji ataje shule tatu kwa mpangilio wa kuzipenda, na aambatanishe insha moja na barua ya mkuu wake wa kazi. Wenzake walimwambia, "Wewe chagua jina kubwa, bwana, huko ndani wanafundisha yale yale," lakini yeye alikaa miezi mitatu na orodha za masomo ya shule hizo, ya Bishkek, ya Budapest na ya Tokyo, kalamu nyekundu mkononi, hii inafundisha kuhesabu tu, hii inafundisha kuongea tu, mpaka mkewe akamuuliza, "Baba Aidai, hivi unachagua shule au unachagua mke mwenza?" Hatimaye akaiweka Tokyo ya kwanza, kwa sababu alimkuta huko mwalimu aliyetumia miaka ishirini kuchunguza jinsi wanakijiji wa mashamba ya mpunga wanavyogawana maji bila polisi, akamwandikia, na yule mwalimu akamjibu kurasa nne. Sijawahi kumwona mtu mzima akitembea na barua mfukoni namna ile.

Insha yake ilianza na mama yetu. Aprili 1991 mlango wa mfereji ulivunjika, maji ya zamu ya kijiji cha chini yakaanza kumwagikia shambani kwetu, naye mama akashuka pekupeku kwenye maji ya barafu, akaziba pengo kwa zulia na kwa miguu yake mwenyewe, saa nzima, mpaka baba alipofika na ubao. Wazee wa kijiji cha chini mko hapa, na vidole viwili vya mguu ambavyo mama aliachia barafu ile mnavijua.

Tarehe 3 Novemba 2014 marehemu alimpelekea insha hiyo mkuu wake, Bwana Sadyrbek, ambaye leo tumemkalisha mahali pa heshima kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, naye akamwambia, "Iache hapo mezani, kijana, niisome nijue cha kukusifia, nitakusifia mpaka Wajapani walie." Ile barua ya kusifia ilikaa siku ishirini na tano bila kusainiwa, na marehemu hakuthubutu kuuliza, maana kwetu mdogo hamharakishi mkubwa, hivyo maombi yake yakaondoka tarehe 28, siku ya mwisho. Kumbe insha ilikuwa imeshatangulia tangu tarehe 17, neno kwa neno, ikiwa na jina la Ermek, mpwa wake Bwana Sadyrbek, ambaye amezaliwa mjini, amekulia mjini, na mama yake ni daktari wa meno ambaye sidhani kama amewahi kuvuka mfereji bila gari.

Tarehe 9 Februari 2015 mfuko ulimwandikia marehemu kwamba amenakili insha ya mwombaji aliyemtangulia, kwamba jina lake limefutwa na asiombe tena maishani, na nakala ikatumwa kwa mwajiri. Ermek akaenda Tokyo. Mama alipoelezwa aliuliza swali moja tu, "Kwa hiyo nilikanyaga barafu kwa ajili ya mtoto wa nani?"

Sasa, karatasi ya idara, hii niliyoikunja, inapofika mwaka huo inasema, nawasomea kama ilivyo, "maombi yake ya masomo yalisitishwa kwa sababu zinazojulikana." Ndugu zangu, mimi miaka thelathini nimetia mkono mpaka begani kuwatolea ng'ombe ndama waliooza tumboni, nikanawa nikaenda kula, lakini karatasi hii imenitia kinyaa mpaka chai ya asubuhi imenirudi. Zinajulikana na nani? Mtu anakuibia mama yako, anakuita mwizi, halafu siku unayozikwa analeta shada la maua na karatasi yenye mhuri! Mnanichefua, na nasema hivyo mbele ya jeneza nikijua si adabu.

Nami sijitoi lawamani. Rysbek alikuja kwangu Machi ile, ana daftari lenye insha hiyo kwa mwandiko wake, imekatwakatwa, imeandikwa upya mara sita, anataka kwenda kushtaki, nikamwambia, "Nyamaza, mdogo wangu, wakubwa hawashtakiwi, utakosa hata hiyo kazi, na utawaaibisha watu." Akanisikiliza kwa kuwa mimi ni kaka yake. Nikijikumbuka nikisema maneno yale, huku nikimmiminia chai, najichukia.

Tarehe 1 Juni 2015 alihamishiwa huku wilayani, kazi ikiwa kupima maji aliyokuwa anayapangia, na yule mwalimu wa Tokyo hakuandika tena. Kila msimu wa baridi vijana wa bonde hili walikuja hapa nyumbani na maombi yao ya shule za sera, akawasaidia kusoma orodha za masomo na kuchagua, bila malipo, na kumi na mmoja wamekwenda na kurudi, wengine nawaona hapa. Alikuwa anawakataza kitu kimoja tu, kumpa mtu yeyote insha kabla hawajaituma. Mwaka jana Aidai alirudi shuleni akilia, ameambiwa na wenzake kwamba baba yake aliiba akafukuzwa, marehemu akamtolea lile daftari, wakalisoma wote wawili mpaka mwisho.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akafanyiwa upasuaji mara mbili, akapata nafuu majira ya joto yaliyofuata, kisha hali ikabadilika Februari mwaka huu, akafariki dunia Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Siku mbili kabla alinishika mkono akaniambia, "Kaka, usije ukanipamba, mimi si malaika. Sema tu kwamba insha ilikuwa yangu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Naryn, hasa yule aliyeacha sikukuu yake akaja kumfunga macho, inawashukuru majirani waliosimamisha hema, waliochinja na wanaopika tangu juzi, pamoja na wapima maji wenzake wa wilaya waliochimba kaburi kwenye udongo ambao bado umeganda. Nenda ukapumzike, Rysbek, mdogo wangu, umelowa vya kutosha, na unisamehe.

Sasa tutambeba. Desturi yetu ni kwamba kabla hajainuliwa, mkubwa wa familia anauliza mara tatu marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nanyi wote mnajibu kwa pamoja, mtu mwema, na hata wezi wa farasi tumewajibia hivyo hivyo. Leo siulizi hilo. Nauliza jingine, mara moja, na naomba wote mnyamaze, kwa kuwa swali lina mwenyewe, amekuja na watu wa idara, amesimama kando ya shada lao, amevaa koti jeusi, mama amemgeukia na Aidai amemgeukia. Inua uso, Ermek. Ile insha ilikuwa ya nani?