Sheria Itaanza na Nani

Tangu basi litoke Kiloleli, Mzee Mayige alikuwa akimhurumia mama aliyekaa naye kiti kimoja, aliyeitwa mahakamani Bariadi kwa kumuuzia mtoto pombe. "Pole, mayu, mama yangu. Sheria inamkamata muuzaji."

"Na mzazi aliyemtuma je? Wewe unakwenda wapi, baba?"

Mayige akakohoa kikohozi kirefu kuliko Mto Simiyu. Alikuwa amemtuma bintiye Joyness, wa miaka kumi na tano, akanunue kibuyu cha pombe. Njiani binti akanywa nusu, akamchezea mtendaji wa kijiji ngoma hadi mbuzi wakapiga makofi.

"Nakwenda kusalimia tu."

Abiria wakaangua kicheko, maana samansi ya mahakama ilikuwa ikichungulia mfukoni mwake.

"Wa mahakamani!" kondakta akaita walipofika Bariadi.

"Tangulia, mayu."

"Aa, wakubwa kwanza!"

Dereva akazima injini, wote wakangoja waone nani atatangulia kushuka.